Kibao Kilichosubiri Shahidi

Mnaniona nimekaa mbele ya nyumba yangu hapa Ruashi, Lubumbashi, nasoma gazeti kwa jicho moja, mnaniita mstaafu na mnacheka kwa sababu nina miaka arobaini na moja tu. Chekeni. Kipande cha shaba hakikuniuliza umri wangu kiliporuka kutoka chini ya patasi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimechonga vibao vya makaburi kwa miaka kumi na sita, na majina mengi mnayoyasoma upande wa juu wa makaburi yetu yalipita mkononi mwangu.

Wengine wenu mmekuja kuniuliza kazi hii inaanzwaje. Wawili mmetoka chuo kikuu, kule Kasapa, na diploma, kama nilivyotoka mimi. Nitawaambia ninayoyajua, lakini msitegemee mpangilio. Kazi yenyewe haina mpangilio. Leo unachonga mtoto mchanga, kesho mzee wa miaka tisini.

Jambo la kwanza ni lami. Bati la shaba halichongwi mezani. Unayeyusha lami kwenye sinia la chuma, unachanganya na vumbi la tofali ili isiwe laini sana, inapoa kidogo, ndipo unalaza bati juu yake. Lami inaishika shaba bila kuikataza kuingia. Ukipiga mahali pagumu, bati linachanika. Ukipiga kwenye lami, herufi inashuka taratibu, na ukigeuza bati unaikuta imeinuka upande wa pili. Kwa hiyo tunaandika kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuka. Kichwa kinauma mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili unaanza kusoma mabango ya barabarani kinyumenyume, na hapo ujue umeshakuwa fundi.

Jambo la pili ni katikati. Bwana wangu wa kazi, Papa Dieudonné, ambaye sote tulimwita Papa Diyo, hakuwahi kuanza jina mwanzoni. Alihesabu herufi, akatafuta ile ya katikati, akaichora kwanza kwa chaki, kisha akaenda pande zote mbili. Mimi nilidharau. Nilikuwa na leseni, yaani digrii, ya historia, nikajiona ninajua kuandika. Kibao changu cha kwanza kilikuwa cha mchungaji mmoja. Jina liliishiwa nafasi, herufi mbili za mwisho zikabanana kama abiria, na N yake niliichonga imegeuka. Papa Diyo alikitazama muda mrefu.

"Mutoto, kule Kasapa bantu basomaka na kioo?"

Nikamwambia nitakirudia.

"Utarudia. Lakini usilie. Pasta atafika juu, Mungu atageuza."

Ndivyo alivyokuwa. Hakupandisha sauti hata siku moja, na hakuamini kwamba kibao kinaweza kumdhuru mtu. Kwake kibao kilikuwa zawadi ya mwisho. Familia inasema nini, unaandika hicho. Ukiambiwa marehemu alikuwa mpendwa wa wote, unaandika mpendwa wa wote, hata kama uliwahi kuwaona watoto wake wakigombana naye barabarani.

Mimi sikuweza. Niliingia kazi hii nikiwa na ugonjwa wa kuuliza. Familia moja ilitaka niandike "Mheshimiwa". Nikauliza alikuwa mbunge wa wapi. Wakasema aligombea. Nikauliza alishinda? Mwana wao mkubwa akakasirika: "Sasa weye unataka kupiga kura ya pili?" Papa Diyo alicheka mpaka akaketi chini, kisha yeye mwenyewe akaichonga Mheshimiwa, nzuri, yenye M pana.

Halafu kuna yule kanali. Nilimchonga kanali kwa sababu wanawe walinieleza kwa uhakika sana, na wiki tatu baadaye wazee wawili wakaja kwenye karakana wakiwa na picha ya kibao changu kwenye simu. Walikuwa naye jeshini. Alikuwa mpishi. Wanawe walikuwa wameshaipeleka picha hiyohiyo kwenye ofisi ya jeshi kama uthibitisho kwamba baba yao alikuwa afisa. "Kijana," mmoja aliniambia kwa upole, "sisi tulikula chakula chake. Kilikuwa kizuri. Mungeandika hivyo." Siku hiyo nilijitungia sheria: hakuna cheo bila shahidi. Papa Diyo hakuipenda, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na mimi ndiye niliyechonga zaidi, kwa hiyo sheria ikakaa.

Nilijivunia sana sheria hiyo. Nataka mjue hivyo kabla sijaendelea.

Na nataka mjue jambo lingine. Pale Kasapa niliandika tasnifu yangu juu ya wale walioingia porini miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Bendera ilikuwa imepandishwa, wakubwa wakagombana juu ya nani ameirithi nchi, na huko mashariki vijana wakachukua silaha wakisema uhuru wa kweli bado haujaja, wao ndio watauleta. Swali langu lilikuwa: katika mapinduzi yale, nani alimwamuru nani? Mwanasiasa au mwanajeshi? Niliandika kurasa nyingi, nikanukuu vitabu vingi, nikapata alama nzuri. Katika kurasa zote zile hakukuwa na mtu hata mmoja niliyewahi kumwona kwa macho.

Mama Veronika alikuja asubuhi. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa cheusi kichwani, gauni jeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mumewe, Mzee Joakim Kasongo, alikuwa amefariki miezi kumi iliyopita. Nilimfahamu mzee huyo. Alikuwa anatengeneza baiskeli karibu na soko, mtu wa maneno machache, aliyekupa pampu ujaze upepo mwenyewe.

"Andika Komanda Joakim Kasongo," alisema.

"Komanda wa wapi, mama?"

"Wa maquis. Kule kwetu, mu milima."

Maquis ni wale wa porini, wale wa tasnifu yangu. Mtengeneza baiskeli, mita mia tatu kutoka kwangu, miaka yote ile niliyokuwa nikitafuta vitabu. Lakini mdomo wangu ulisema kile ulichozoea kusema.

"Iko na cheti?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana mfupa.

"Cheti? Kule mu pori nani angemupatia cheti? Nyani?"

Papa Diyo akacheka pembeni. Mimi nikamweleza sheria yangu kwa heshima, nikamwambia ninaweza kuchonga jina sasa hivi na kuacha nafasi juu yake, na atakapoleta shahidi nitajaza. Nikaona ni suluhisho la haki kabisa. Nilihesabu herufi, nikaanza katikati, nikachonga JOAKIM KASONGO chini, na juu nikaacha uwanja mtupu wa herufi saba.

Alirudi baada ya wiki mbili na picha. Kijana mwembamba, kofia, mkono umeshika kitu kilichokuwa nje ya picha. Nikamwambia picha haisemi cheo. Baada ya miezi miwili alikuja na mpwa wa mumewe, ambaye aliapa mbele yetu kwamba mjomba wake alikuwa Komanda, kila mtu katika familia anajua. Nikamuuliza alizaliwa mwaka gani. Alipojibu nikamwonyesha kwamba alizaliwa baada ya vita vile kwisha.

"Sasa mtu azaliwe mara mbili juu yako?" mpwa aliuliza.

Mama Veronika alikiinua kibao, akakipangusa vumbi la karakana kwa ncha ya kitambaa chake, akakirudisha.

Walipoondoka Papa Diyo aliweka nyundo chini. "Mutoto, andika."

"Kama si kweli?"

"Kama si kweli, Mungu anajua kusoma. Unamuona ule mama nguo yake?"

"Nimeiona. Ni nyeusi."

"Ilikuwa nyeusi," alisema.

Sikumwelewa, na sikuuliza. Mimi, niliyeuliza kila kitu. Kumbe familia ya mume ilikuwa imekubaliana kwamba siku ya kusimika kibao ndiyo siku ya kumaliza kilio. Ndiyo siku mashemeji wanakuja na kitenge kipya, mjane anaoga, anavua nyeusi, anarudi kuwa mtu kati ya watu, anaweza kwenda harusini, anaweza kuuza sokoni bila watu kukwepa meza yake. Mwaka ulikuwa umetimia. Yeye ndiye aliyekataa kumaliza kilio kwa kibao chenye nafasi tupu. Kwa hiyo gauni lile lilikuwa linafuliwa na kufuliwa, linageuka rangi ya majivu, likinisubiri mimi.

Hakuniambia. Na Papa Diyo alidhani ninajua, maana ni nani katika mji huu asiyejua?

Mwezi wa kumi na nne tangu mumewe afe, alileta shahidi.

Alikuwa mzee mrefu, suti ya kahawia iliyomzidi, viatu vilivyopakwa rangi vizuri. Alikuwa akiishi Kasumbalesa, mpakani, kwa mwanawe anayeshughulikia karatasi za forodha za malori. Mama Veronika alisikia habari zake kutoka kwa mwanamke wa kwao anayebadilisha fedha pale mpakani. Alikwenda mara mbili bila kumkuta, mara ya tatu akamkuta. Jina lake lilikuwa Anatole, na huko milimani walimwita Komisere.

Nilimpa kigoda kizuri. Mama Veronika alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kusikia jibu fupi na kuondoka.

"Ni weye Profesere?" mzee aliniuliza. "Huyu mama anasema iko kijana mumoja mu Ruashi haamini bantu."

"Ninaamini, Papa. Ninataka tu kusikia."

"Basi sikia. Joakim alikuwa Komanda. Nilikuwa pale siku alipewa. Mukubwa mwenyewe alimupatia filimbi mbele ya bantu yote. Kule cheo ilikuwa filimbi. Ukiwa nayo ukipiga, bantu banasimama. Andika."

Hapo ilikuwa imekwisha. Sheria yangu ilikuwa imetimizwa, shahidi amekuja kwa miguu yake, mjane amepata. Ningechukua chaki. Mama Veronika alikuwa ameshaanza kusimama, mkono mmoja kwenye goti.

Lakini nilikuwa na mtu hai wa tasnifu yangu mbele yangu, amekaa kwenye kigoda changu.

"Papa," nikamwambia, "na wewe komisere, kazi yako ilikuwa nini?"

Akafurahi kuulizwa. Mama Veronika akakaa tena.

"Kila komanda alikuwa na komisere wake. Komanda alikuwa na bunduki. Mimi nilikuwa na kitabu. Nilifundisha juu ya nini tunapigana, nilisoma barua za mukubwa, nilitazama kama bantu iko sawa mu roho."

"Na mkipishana, nani mkubwa?"

"Kitabu."

Nilivuta karatasi ya kuchorea vibao, nikaanza kuandika maneno yake. Nilimuuliza mkubwa alikuwa wapi. Akasema mbali, barua ilichukua majuma kufika, mtu alitembea nayo ndani ya kiatu. Nilimuuliza nani aliamua mipango ya vita ikiwa barua inachelewa. Akasema ilitegemea. Nilimuuliza ilitegemea nini. Nilikuwa ninamzungusha kama mwalimu wangu alivyonizungusha siku ya mtihani, na ninakiri kwenu, nilikuwa na furaha. Tangu nitoke Kasapa sikuwa nimepata furaha ya namna ile.

"Joakim alikuwa Komanda mpaka lini?" nikauliza.

Mzee Anatole alitazama viatu vyake.

"Mpaka asubui ya daraja," alisema.

"Daraja gani?"

"Barua ilikuya. Ilisema wakubwa banataka tukamate daraja mbele sikukuu ifike, juu dunia ione sisi iko na nguvu. Joakim akasema sawa, lakini tungoje mvua, kukiwa ukungu tutapita. Mi nikasema hapana, leo. Akasema mchana ni kuua bantu. Nikasema unaogopa. Nikamutosha filimbi mu shingo mbele ya bantu."

"Barua ilisema mchana?"

"Hapana."

"Ilisema leo?"

"Hapana. Leo ni mimi." Alivuta mikono ya suti yake. "Niliogopa mukubwa atasema tunalala. Komisere wa upande mwingine alikuwa ameshakamata kijiji kizima. Mi nilikuwa na miaka makumi mbili na tatu, Profesere. Na kitabu."

"Alikupa nani mamlaka ya kumvua cheo?"

"Hakuna."

Niliandika: hakuna. Nikapiga mstari chini yake. Hapo ndipo lilipokuwa jibu la kurasa zangu zote, na halikuwa kwenye kitabu chochote. Sikuwa ninamtazama mtu yeyote.

"Na filimbi ulimpa nani?"

"Selestini."

"Selestini gani?" Mama Veronika aliuliza kutoka mlangoni.

Niliisikia sauti yake. Naapa niliisikia. Lakini swali langu lilikuwa limeshatoka.

"Huyo Selestini alikaa na ukomanda muda gani?"

"Mpaka katikati ya daraja," mzee alisema.

Papa Diyo alisimama na kuja kuniondolea penseli mkononi. Hakuninyang'anya. Aliichukua kama unavyochukua kisu kwa mtoto.

"Selestini gani?" alirudia Mama Veronika.

Sasa mzee Anatole alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nadhani mpaka hapo alikuwa amemwona kama mke wa Joakim tu, na hakuwa amejiuliza alikuwa binti wa nani kabla ya hapo.

"Selestini wa kwa fundi wa mitumbwi," alisema polepole. "Mwenye kuimba."

Selestini alikuwa kaka yake Mama Veronika. Waliingia porini pamoja, kaka yake na Joakim, marafiki wa utoto. Joakim alirudi peke yake na habari kwamba Selestini amekufa kwa homa, wamemzika vizuri, watu walimwimbia. Ndiye aliyemfariji, na mwaka uliofuata akamwoa. Miaka zaidi ya arobaini alilala na homa ile mdomoni, akaja nayo mpaka Lubumbashi, akatengeneza baiskeli, akafa nayo. Alikuwa amemwambia mkewe jambo moja tu la kweli, kwamba alikuwa Komanda, na akamwomba asilitaje mbele za watu. Ndiyo maana sasa, mume akiwa amekufa, mjane alitaka litajwe.

"Joakim aliniambia homa," alisema Mama Veronika.

Alimgeukia mzee Anatole.

"Alizikwa?"

Mzee Anatole alitikisa kichwa. "Mto," alisema.

Mama Veronika aliinuka kwenye ndoo, akajinyoosha gauni. Nilidhani atamtukana mzee yule, au mimi. Alikuja mezani, akaweka kidole kwenye ile nafasi tupu niliyokuwa nimeitunza kwa miezi yote ile.

"Acha hivi. Usiandike."

"Mama, shahidi amesema. Alikuwa Komanda kweli."

"Nimesikia. Ile neno ndiyo ilimuua Selestini. Iache. Na utengeneze kibao ingine, ya Selestini, bila kitu juu."

Nafasi tupu ni kitu kibaya kwenye kibao. Jicho linakwenda pale. Nilikata sehemu ya juu kwa mkasi wa bati, nikakunja kingo upya, nikasugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa. Cha pili nilikichonga kwa ukubwa uleule. Hii ni kazi ninayoijua, kwa hiyo niliifanya vizuri, na wala haikunisaidia.

Siku ya kusimika nilikwenda mwenyewe na saruji. Shikeni hili: kibao cha shaba hakibandikwi kwa misumari, wezi watakikwangua kabla ya Jumapili. Kingo zote nne zinakunjwa kwenda nyuma na kuzama ndani ya saruji ikiwa bado mbichi, ili anayekitaka avunje kaburi zima. Wapo wanaovunja. Lakini wengi huona aibu kwa kelele.

Mashemeji walikuwepo, na kreti za bia chini ya turubai, na kitenge kipya cha rangi ya chungwa kimekunjwa kwenye sinia. Binti yake Odile alikuwa ameleta maji ya kumwogesha. Nilisawazisha saruji, nikarudi nyuma. Shemeji mkubwa akasema maneno ya kumfungua, akachukua kitenge.

"Mi bado," Mama Veronika alisema.

"Bado nini? Miezi kumi na tano. Joakim ameshalala."

"Joakim nimemumaliza. Niko na kilio ingine."

"Ya nani? Nani amekufwa?"

"Kaka yangu."

"Ule wa homa? Ule wa zamani? Véro, ule alishaliliwa."

"Alililiwa ya homa," alisema. "Haikuwa yake."

Walibishana naye kwa upole, kisha bila upole. Shemeji alisema watu watafikiri familia imemfunga. Odile alilia kwa aibu. Mwishowe walikunywa bia kwa sababu ilikuwa imenunuliwa, na kitenge kikarudi nyumbani kimekunjwa vilevile. Hakuna aliyeniuliza mimi ninajua nini. Nilikuwa fundi wa kibao tu, mikono imejaa saruji.

Alivaa nyeusi tena kwa ajili ya Selestini. Kibao cha pili hakikuwa na kaburi, alikiweka ndani, ukutani juu ya mtungi. Nilimwona mara kwa mara akipita kwenda kanisani, amejitenga na wanawake wengine hatua kadhaa, kama mjane anavyotakiwa. Nilikuwa nikimsalimu, na alinijibu vizuri. Ninawaambia ukweli, ningependa asi­jibu. Mwezi wa tisa wa kilio kile cha pili alipata shinikizo la damu, akaanguka jikoni. Walimzika katika nguo ileile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfungua.

Mzee Anatole hakurudi tena Lubumbashi. Alinitumia ujumbe mmoja kupitia dereva wa lori, akiuliza ile karatasi niliyoandika iko wapi. Nilikuwa bado ninayo. Ningeweza kuipeleka Kasapa, wangeipokea, ni ushahidi wa kwanza wa namna yake niliowahi kuuona juu ya nani alimwamuru nani. Niliichoma kwenye jiko la lami. Mpaka leo sijui kama hilo nalo lilikuwa kosa. Nimeligeuza mara nyingi. Watu wale walikufa kwa sababu hakuna aliyemuuliza Komisere swali, mbele ya daraja, wakati lilipohitajika. Kwa hiyo siwezi kuwaambia msiulize. Nimeona pande zote mbili. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mimi niliuliza nikiwa nimemwacha mtu amekaa kwenye ndoo, na swali langu la kwanza lilipaswa kuwa juu yake.

Papa Diyo alinisubiri nijisamehe, kisha akachoka, akafa. Kibao chake nilikiandika bila kuuliza mtu.

Odile hakuja kwangu kwa kibao cha mama yake. Alikwenda kwa fundi wa upande wa pili wa mji, na sikumlaumu. Nilikutana nacho mwaka mmoja baadaye, nilipokuwa nasimika kibao kingine safu ya jirani. Odile alikuwa pale anapalilia majani, amevaa kitenge cha rangi, kilio chake kimekwisha. Alinikaribisha nikitazame, akasimama kando yangu akipangusa mikono.

Kilikuwa kimechongwa vibaya. Fundi alianza mwanzoni mwa mstari, mwishoni nafasi ikamwishia, na M ilikuwa imeinama. Kilisema: VERONIKA, MKE WA KOMANDA JOAKIM KASONGO.

"Papa yangu balimukatalia cheo yake," Odile alisema. "Nikasema mama aibebe. Alikuwa anaitaka sana, unakumbuka? Alikuwa anakuja kwako kila mara juu ya ile neno."

"Ninakumbuka."

Alisubiri niulize shahidi. Alikuwa amesikia habari zangu, mtaani kila mtu alinijua kwa ubishi wangu. Nilimwona akijiandaa kujibu.

"Fundi aliuliza kitu?" nikamwambia.

"Hakuuliza. Alisema tu: nipe jina." Akakitazama kibao, halafu akanitazama mimi. "Weye unajua hii kazi. Iko muzuri?"

Nilikisoma tena, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kinyumenyume kama mkono ulivyozoea.

"Iko muzuri," nikasema, nikachukua ndoo yangu ya saruji.